Fedha Uliyomkopesha Rafiki

Ulimkopesha rafiki fedha. Siku ya ahadi imepita, naye akikuona hupinda njia. Utafanyaje?

Usikimbilie polisi, kwani deni tupu si wizi. Mwandikie barua, ukitaja kiasi na siku ya mwisho ya kulipa, nawe ushike nakala. Akinyamaza, mshitaki mbele ya mahakama ya amani.

Hapo juji atakuuliza hati. Sheria ya Kongo ya mapatano, ya tarehe 30 Julai 1888, ingali inatumika. Nayo hudai maandiko, isipokuwa kwa thamani ndogo. (Wengi huona haya kumwandikisha rafiki. Haya gani hiyo?) Huna hati? Tafuta barua yake inayogusa deni, kisha walete mashahidi. Hata hiyo ikikosekana, waweza kuomba aapishwe. Lakini angalia: akiisha kuapa kwamba hadaiwi, hutasikilizwa tena.