Itauma ampige nani sasa? Hesabu ya kumpandisha bondia kijana

Tangu Moses Itauma amwangushe Dillian Whyte mjini Riyadh mwezi wa Agosti 2025, kila barza ninayopita usiku ina ubishi wa aina moja. Kuna wanaosema kijana apewe Oleksandr Usyk hata kesho, na kuna wanaosema haraka haraka haina baraka. Wale wa kwanza nao hujibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali zimegongana, kwa hivyo hazitusaidii. Nimeonelea tulitazame jambo lenyewe linavyokwenda, maana kumpandisha bondia ngazi ni ufundi wenye hesabu zake.

Kwanza tumjue kijana. Alizaliwa Slovakia mwezi wa Desemba 2004, mama Mslovakia na baba Mnigeria, akakulia Chatham, Uingereza. Mwaka 2022 alitwaa ubingwa wa dunia wa vijana katika ngumi za ridhaa, na Januari 2023 akaingia ngumi za kulipwa. Alipomalizana na Whyte alikuwa amepigana mara 13 na kushinda zote, 11 kwa nokauti. Whyte hakutimiza dakika mbili. Kabla yake Mike Balogun alimalizwa raundi ya pili, na kabla ya huyo Demsey McKean raundi ya kwanza. Ni mashoto, na mikono yake ina kasi ya mtu wa uzani mdogo. Ukitazama hayo peke yake utasema hakuna cha kusubiri.

Lakini katika mapambano yote hayo 13 hakuwahi kupita raundi ya 6. Pambano la ubingwa ni raundi 12, kila moja dakika 3. Nusu ya safari hiyo hajaiona kwa macho. Akiwa raundi ya tisa, mikono imekuwa mizito, jicho limevimba, na aliye mbele yake bado anakuja, atafanya nini? Jibu la swali hilo halipatikani mazoezini, kwa sababu mazoezini kocha husimamisha kazi anapotaka.

Ndiyo maana mtu anayejua kuchagua wapinzani humtazama kila mpinzani kama somo. Mtoto wa chuoni hatolewi kwenye alifu akapelekwa moja kwa moja kwenye msahafu. Bondia naye huanza na wale ambao rekodi zao zimejaa kushindwa, wanaopigana mara kwa mara katika kumbi ndogo. Watu huwacheka, mimi siwacheki. Mtu wa namna hiyo anajua kukumbatia, kuegemea, kujificha nyuma ya viwiko, na kumkera kijana mpaka asahau aliyofundishwa. Raundi sita naye ni somo la subira. Baadaye huja wale wakubwa wa mwili wasioanguka ovyo, kisha wakongwe waliowahi kufika juu.

Kwa hao wakongwe tuwe waangalifu, maana ndipo mashabiki wanapodanganyika. Mariusz Wach, yule Mpolandi, alikwenda raundi zote 12 na Wladimir Klitschko mwaka 2012. Itauma alipompiga mwaka 2024, Wach alikuwa na miaka 44. Jina lilikuwa kubwa, miguu ilikuwa imekwisha. Whyte naye alikuwa na miaka 37 na makonde mengi mwilini. Simpunguzii kijana sifa, maana kumwangusha Whyte kwa namna ile si mchezo. Nasema tu kwamba mpinzani akidondoka mapema hivyo, somo alilokusudiwa kulifundisha halikufundishwa.

Mfano wa mtu aliyefika juu na masomo mengi bado hayajaguswa ni Gerry Cooney wa Marekani. Alikuwa na ushindi 25 bila kupoteza, na mwezi wa Mei 1981 akammaliza Ken Norton kwa sekunde 54. Kisha akakaa mwaka mzima na mwezi bila kupigana hata mara moja, akapandishwa na Larry Holmes mwezi wa Juni 1982. Alipigana kiume, lakini Holmes alimwangusha raundi ya pili, akamchosha, na raundi ya 13 ikawa mwisho. Kwa hesabu ya mapambano Cooney hakuharakishwa. Kilichokosekana ni usiku mrefu mmoja au miwili wa taabu kabla ya ule mkubwa.

Wanaotaka haraka humtaja Mike Tyson, bingwa akiwa na miaka 20. Ni kweli, lakini watazame alivyofika. Alianza mwezi wa Machi 1985, akampiga Trevor Berbick mwezi wa Novemba 1986, na hilo lilikuwa pambano lake la 28. Mapambano 28 katika miezi 20! Na mwezi wa Mei 1986 pekee alikwenda raundi 10 mara mbili, na James Tillis kisha na Mitch Green, wote wawili wakafika naye kengele ya mwisho. Nadhani raundi hizo 20 zilimjenga kuliko nokauti zake zote za mwaka wa kwanza. Siku hizi hakuna anayepigana kwa wingi ule. Bondia chipukizi akipata mapambano manne kwa mwaka ameshukuru. Basi kila nafasi ina thamani kubwa zaidi, na kuipoteza kwa mtu wa kudondoka ni hasara.

Usyk mwenyewe alitwaa ubingwa wa uzani wa chini ya ule mzito katika pambano lake la 10 tu. Ila alikuwa ametoka katika mamia ya mapambano ya ridhaa na dhahabu ya Olimpiki ya London 2012. Shule yake aliimaliza kabla ya kulipwa hata shilingi. Itauma aliingia akiwa na miaka 18, na mengi ya kujifunza anajifunza mbele ya kamera.

Uzani mzito nao una ukali wake. Hauna kikomo cha juu, ukipita takriban kilo 90.7 umo. Kosa ambalo kwa watu wadogo hugharimu raundi moja, huku huweza kumaliza usiku. Daniel Dubois alikuwa na miaka 23 na ushindi 15 alipokutana na Joe Joyce mwezi wa Novemba 2020. Jebu za Joyce zilimvunja mfupa wa jicho, akapiga goti raundi ya 10. Waliokaa kwenye makochi wakamwita mwoga. Ilimchukua karibu miaka minne kufika kwenye usiku ule wa Wembley, Septemba 2024, alipomwangusha Anthony Joshua.

Dubois alipata miaka hiyo minne. Sisi Wakenya tunamkumbuka Robert Wangila, aliyetuletea dhahabu ya Seoul 1988 na kufariki Las Vegas mwaka 1994 baada ya pambano, akiwa bado kijana. Anayechagua wapinzani ameshika zaidi ya rekodi ya mtu.

Pesa nazo zinasukuma. Rekodi isiyo na doa ni bidhaa, na promota anapenda kuiuza ikiwa ingali safi. Vyama vya mikanda hupanga orodha, na ukifika nambari moja unaweza kuitwa kwenye pambano la ubingwa upende usipende, ama upoteze nafasi. Kwa hiyo si kila mara kambi ya kijana ndiyo inayoamua kasi.

Ningeulizwa mimi, Itauma ningempa mtu wa aina ya Jermaine Franklin, Mmarekani aliyekwenda raundi 12 na Whyte mwaka 2022 na raundi 12 na Joshua mwaka 2023. Alishindwa kwa pointi zote mbili, hakuna aliyemlaza. Baada yake ningemtafutia mrefu mwenye jebu nzuri na mwenye njaa, asiyezidi miaka 30, halafu ndipo tuzungumze habari za ubingwa. Hiyo ni kama mwaka mmoja. Akimwangusha Franklin raundi ya kwanza, basi nitakuwa sina la kusema barzani. Lakini wakifika raundi ya saba, acheni kutazama ngumi, tazameni mdomo wa kijana kama umefunguka, na miguu yake kama bado inamtoa kwenye kamba au imeanza kumwacha hapo hapo.