Kufundisha Usikivu: Mfano wa Muziki wa Toru Takemitsu

Mwalimu wa muziki katika shule ya msingi hana budi kujiuliza: je, ala za jadi na ala za Kizungu zaweza kutumiwa pamoja bila moja kuimeza nyingine? Mfano ulio bora twaupata Japani, katika kazi za mtungaji Toru Takemitsu, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1930 na kufariki mwaka 1996.

Takemitsu alikulia wakati wa vita. Vita vilipokwisha mwaka 1945, muziki wa jadi wa nchi yake ulimkumbusha mateso ya miaka ile. Akaupa kisogo, akajifunza muziki wa Kizungu, kwa sehemu kubwa bila mwalimu. Baadaye alivutwa na muziki wa mchezo wa jadi wa sanamu zinazochezeshwa kwa mikono. Tena fikra za Mmarekani John Cage zilimhimiza kuutazama upya urithi wa kwao.

Tunda la safari hiyo ni November Steps, uliopigwa mara ya kwanza New York mwaka 1967, Seiji Ozawa akiiongoza okestra. Mbele ya okestra walikaa wapigaji wawili wa Kijapani. Mmoja alipiga biwa, ala ya nyuzi iliyo jamaa wa mbali wa udi wa taarabu. Wa pili alipuliza shakuhachi, filimbi ya mwanzi yenye matundu manne mbele na moja nyuma.

Yafaa tuzingatie kwamba Takemitsu hakuzilazimisha ala hizo ziige fidla. Uzi wa biwa huvuma kwa mkwaruzo, na katika shakuhachi pumzi ya mpulizaji husikika. Katika mafunzo ya Kizungu mambo hayo huhesabiwa kuwa kasoro. Kwa Wajapani ni sehemu ya uzuri wa sauti. Anayeijua ilimba ya Wagogo, ambayo hutiwa makusudi vitu vya kuvumisha sauti, hatashangaa. Aidha, kimya kilicho kati ya sauti mbili, ambacho Wajapani hukiita ma, nacho ni sehemu ya muziki. Hivyo okestra na ala hizo mbili husikika kwa zamu zaidi kuliko kwa pamoja, na tofauti zao hubaki wazi.

Darasani, somo hili laweza kufundishwa hata pasipo mashine ya kuchezea muziki:

(a) Mwanafunzi mmoja apige ngoma pigo moja. Wenzake wafumbe macho, na kila mmoja anyoshe mkono pale tu asiposikia tena mvumo.

(b) Mwanafunzi wa pili apulize filimbi baada ya mikono yote kunyoshwa, si kabla.

(c) Wanafunzi waeleze kwa maneno yao wenyewe ngoma ina nini ambacho filimbi haina, na filimbi ina nini ambacho ngoma haina.

Mwalimu asiharakishe hatua ya kwanza, kwani hapo ndipo watoto hugundua kuwa sauti ina mwisho wake. Wala asikaripie mkwaruzo wa ala iliyotengenezwa na mtoto nyumbani. Mtoto akiambiwa kwamba sauti ya ala ya babu yake ni makosa, atajifunza kuionea haya, na kumrejesha kutoka hapo ni kazi ngumu.