Ni Fangasi Gani Aliye kwenye Ngozi ya Mbwa?

Mbwa akinyonyoka manyoya na kubaki na mabaka ya mviringo, watu husema ana choa. Huenda ni kweli. Lakini viroboto, upele na bakteria nao huacha mabaka ya namna hiyo, na kila kimoja kina dawa yake. Hata ikithibitika kuwa ni fangasi, linabaki swali la ni yupi.

Swali hilo si la wataalamu peke yao. *Microsporum canis* huenezwa zaidi na paka, na huwaambukiza watu kwa urahisi, hasa watoto. *Nannizzia gypsea* huishi udongoni, akamnasa mbwa anayependa kufukua. *Trichophyton mentagrophytes* mara nyingi hutoka kwa panya. Ukishamjua fangasi, unajua pa kuanzia kuuzuia ugonjwa usirudi.

Daktari wa mifugo anaweza kummulika mbwa kwa taa ya Wood, yenye mionzi ya urujuanimno. Manyoya yaliyoshikwa na *M. canis* hung'aa kijani, ingawa si kila mara. Wale wengine wawili kwa kawaida hawang'ai. Kumwotesha fangasi maabara nako huchukua wiki mbili hadi nne.

Hapo ndipo kinapoingia PCR, kipimo kilichozoeleka masikioni mwa watu wakati wa UVIKO-19. Daktari hupitisha mswaki mpya kwenye manyoya, kisha hung'oa machache pembezoni mwa baka, ambako fangasi bado anakula keratini, protini ya manyoya. DNA ikishatolewa, mashine huipasha moto hadi nyuzi 95 hivi, huipoza, kisha huipasha tena. Kila mzunguko hurudufu kipande kinachotafutwa. Baada ya mizunguko 30, nakala moja huweza kufika zaidi ya bilioni moja. Kipande kinachotumika sana ni ITS, ambacho mwaka 2012 wanasayansi walipendekeza kiwe kitambulisho cha fangasi wote. Majibu huweza kutoka ndani ya siku chache.

Hata hivyo, PCR haitofautishi fangasi hai na mfu. Mbwa aliyepona anaweza kubaki na DNA hiyo kwenye manyoya, akaendelea kunyweshwa dawa bure. Ndiyo maana kipimo hiki kinafaa zaidi kuanzisha tiba kuliko kuihitimisha. Kabla ya kusema mbwa amepona, daktari huikagua ngozi yenyewe, na pale penye shaka hurudi kwenye ule uoteshaji wa polepole, kwa kuwa fangasi mfu haoti.