Kugeuka Barafuni Bila Kupoteza Mwendo

Wako wanaodhani kwamba katika mpira wa magongo wa barafuni ushindi ni wa yule atelezaye kwa kasi kuliko wenzake. Dhana hiyo hatuikubali. Kiwanja cha kimataifa kina urefu wa mita 60 tu, na ni mara chache mchezaji hupata nafasi ya kukivuka kwa mstari ulionyooka. Kisahani kikinyang'anywa, aliyekuwa akishambulia huwa mlinzi papo hapo, naye hutakiwa kuteleza kinyumenyume huku akimkabili mpinzani uso kwa uso. Hapo ndipo wengi wanapoachwa.

Mabaharia wa visiwa vyetu watatuelewa upesi. Chombo kinachopiga bisho huchelewa zaidi pale nahodha anapogeuza vibaya, mwendo ukafa, tanga likabaki kupigapiga.

Chuma cha kiatu cha barafuni kina makali mawili, ya ndani na ya nje, na kugeuka ni kazi ya kuhama kutoka makali haya kwenda yale. Mtazame mlinzi mahiri anayekwenda mbele na kutaka kurudi kinyumenyume. Mabega na nyonga hutangulia. Uzito huwa juu ya mguu mmoja. Mguu wa pili hufunguka nje mpaka visigino vinakaribia kutazamana. Kisha uzito huhamia huko, na mwili umekwisha kugeuka. Magoti hubaki yamekunjwa tangu mwanzo hadi mwisho. Anayenyanyuka katikati ya tendo hilo hulegeza makali yake, na kasi aliyoichuma kwa jasho humtoka. Macho nayo hayashuki miguuni kamwe.

Kosa tunaloliona kubwa kuliko yote ni la kujifunza upande mmoja. Karibu kila mchezaji ana upande unaomridhia. Huupenda, na mazoezini huurudia huo huo. Mshambuliaji mwenye akili humgundua mapema, akawa anampitia upande wa pili mchezo mzima.

Mwezi Septemba 1972 Kanada, iliyojihesabu kuwa ndiyo mwenyewe wa mchezo huu, ilikutana na Urusi ya Kisovieti kwa michezo 8. Katika mchezo wa kwanza, mjini Montreal, Wasovieti walishinda kwa mabao 7 kwa 3. Mwishowe Kanada ilishinda mfululizo ule kwa tofauti ya mchezo mmoja tu. Wasovieti wengi walikuwa wamelelewa katika mafunzo ya Anatoly Tarasov, mwalimu ambaye, kwa uhaba wa barafu ya kutengenezwa nchini mwake, aliwazoeza vijana wake katika nchi kavu: kuruka, kuchutama, kugeuka, kubebana. Uhaba ule haukuwa hasara tupu.

Habari hiyo inatuhusu kwa sababu barafu imekwisha kufika Afrika Mashariki. Uwanja wa hoteli ya Panari, Nairobi, ulifunguliwa mwaka 2005, nao ni mdogo kuliko kipimo rasmi. Humo ndimo ilimozaliwa timu ya Ice Lions, ambayo baadhi ya wachezaji wake walitokea katika viatu vya magurudumu. Mwaka 2018 walipelekwa Kanada, na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, vigogo wa mchezo huo, wakacheza pamoja nao. Mwaka 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la kimataifa.

Basi wapinzani wao sasa ni watu waliokulia katika viwanja kamili. Katika mbio ndefu vijana wa Nairobi hawana pa kujizoezea, na hilo si kosa lao. Lakini kugeuka hakuhitaji mita 60. Duara la hatua chache linatosha, na sakafu ya saruji inatosha kwa kufundisha nyonga na magoti. Tunawashauri walimu wao waitumie barafu ile ndogo kwa kazi hiyo kabla ya kugawa timu na kutupa kisahani: polepole kwanza, bila gongo, kisha kwa ishara ya mkono wa mwalimu, na kila mchezaji aanze na upande asioupenda.