Virusi vya Aina Mbili katika Sentensi Moja: Istilahi za Uzalishaji wa Protini katika Seli za Wadudu

Aprili 2018 Serikali ilizindua huko Mbagala, wilayani Temeke, utoaji wa chanjo ya kuwakinga wasichana wa miaka 14 na saratani ya mlango wa kizazi. Shughuli ya namna hiyo haiendeshwi na waganga peke yao. Huhitaji barua kwa wazazi, maelezo kwa walimu na majibu ya watendaji wa mitaa. Na hayo yote hupitia mikononi mwa wafasiri.

Katika maelezo ya kitaalamu kuhusu baadhi ya chanjo za ugonjwa huu mfasiri hukutana na sentensi ambayo, ikifasiriwa neno kwa neno, husomeka hivi: “Protini ya virusi huzalishwa katika seli za wadudu zilizoambukizwa.” Hakuna neno lililokosewa hapo. Lakini mzazi wa Mbagala au wa Tandale ana haki ya kuuliza: zimeambukizwa nini? Akidhani ni virusi vilevile viletavyo saratani, atamzuia binti yake asichanjwe, na lawama haitakuwa yake. Hapana budi basi tuielewe kazi yenyewe kabla ya kuchagua maneno.

Viwavi hupatwa na ugonjwa uletwao na virusi viitwavyo bakulovirusi, jina litokanalo na neno la Kilatini lenye maana ya fimbo, kwa sababu ya umbo lao. Virusi vya jamii hiyo vimewahi kujaribiwa hapa Tanzania kuwa silaha ya kuangamiza viwavijeshi. Viingiapo katika seli ya kiwavi, huilazimisha itengeneze kwa wingi mno protini moja ya kuvifunika, ili visiharibiwe na jua kiwavi akishakufa. Seli zinapokuzwa chomboni, kifuniko hicho hakina kazi. Mwaka 1983 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, Marekani, walieleza jinsi ya kuweka jeni nyingine mahali pa jeni ya protini hiyo. Seli ikaendelea kutii amri ileile, ila ikatoa bidhaa nyingine.

Seli zitumikazo asili yake ni ovari za wadudu. Aina moja ilitokana na kiwavijeshi vamizi, mdudu yuleyule aliyeingia katika mahindi yetu mwaka 2017. Nyingine ilitokana na kiwavi wa kabichi. Hukuzwa katika lishe ya majimaji, kwenye joto la nyuzi 27 hivi, kisha hutiwa bakulovirusi vilivyobadilishwa. Baada ya siku mbili au tatu protini huvunwa na kusafishwa. Kwa chanjo tuizungumziayo, protini hiyo ni ya ganda la kirusi cha papiloma. Hujipanga yenyewe ikawa maganda matupu. Kwa kuwa ndani ya ganda hamna jeni, haliwezi kuzaliana wala kuleta ugonjwa. Lakini mwili hulitambua umbo lake na kujiwekea kinga.

Si kila chanjo ya ugonjwa huu hutengenezwa hivyo. Nyingine hutumia hamira badala ya seli za wadudu. Chanjo za njia zote mbili zilitumika katika utafiti ulioanza Mwanza mwaka 2017, uliowahusisha wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, kulinganisha dozi moja, mbili na tatu. Kwa hiyo mfasiri na ahakikishe kwanza ni chanjo ipi inayosemwa.

Sasa tuzitazame istilahi. Kwanza, seli zilizokuzwa chomboni zisiitwe “utamaduni wa seli”, kosa litokanalo na kufuata kamusi bila kufuata maana. Tunapendekeza “mkuzo wa seli”, kutoka kitenzi “kuza”. Pili, seli “haionyeshi” protini; huizalisha. Tatu, “ganda tupu la virusi” litamfaa msomaji wa kawaida kuliko “chembe zinazofanana na virusi”, kwa maana ganda la yai lisilo na kiini halitoi kifaranga, na hilo kila mtu analijua.

La nne ndilo zito zaidi. Kitenzi “ambukiza” kinaweza kubaki katika maandishi ya maabara, mradi kisiachwe peke yake: kila mara kitajwe kirusi kilichoingizwa, na kitajwe kirusi ambacho protini yake inatakiwa. Katika maandishi ya wananchi afadhali kutumia “tia” au “ingiza”, kwa sababu katika masikio ya wengi “ambukizwa” ni neno la mgonjwa.

Sentensi yetu ya mwanzo basi iandikwe hivi: “Protini ya ganda la kirusi cha papiloma huzalishwa katika mkuzo wa seli za wadudu zilizotiwa bakulovirusi, ambavyo ni virusi vya viwavi, protini hiyo husafishwa, na chanjo haina kirusi cha papiloma kilicho hai.” Imekuwa ndefu zaidi ya mara tatu. Hata hivyo mwalimu ataweza kuisoma mbele ya wazazi na kujibu swali litakalofuata.