Mashine iliona wamama kumi, kumbe ni mteja mmoja

Siku ya soko pale Kabamba, papa mmoja na bibi yake, wote wanamemba wa koperative ya maharagi na kabichi hapa Katana, walituonyesha telefone zao. Kwa ya papa kulikuwa mesaje ya duka moja ya mbegu ya Bukavu. Inamuita kwa jina lake, inamuambia msimu A uko karibu, mbegu ya kabichi imefika, akichukua pakiti mbili anapunguziwa bei. Kwa ya mama hakukuwa kitu. Lakini papa ni fundi wa matofali, kazi yake iko Kavumu. Kabichi ni ya mama. Ni yeye anayejua mbegu gani inaoza mvua ikizidi na gani inavumilia.

«Huyu hata mbegu ya kabichi na ya lengalenga hawezi kutofautisha,» mama alisema. Papa naye akacheka, hakubisha.

Tulipouliza, jibu lilikuwa fupi. Mwaka uliopita mama alichagua mbegu, lakini malipo yalipita kwenye telefone ya papa. Dukani wanatumia programu ya kugawa wateja katika vikundi na kumuandikia kila mmoja mesaje yake. Programu hiyo ilijua nani amelipa. Nani analima, hakuna aliyeiambia.

Tunaanza na hawa wawili sababu koperative nyingi za huku zimeanza kutuuliza juu ya akili bandia, ile vijana wa Bukavu wanaita IA. Wanauliza: inaweza kutusaidia kuuza? Tulikaa siku tatu na koperative moja, tukajaribu pamoja nao. Jibu letu ni ndiyo, inaweza. Lakini mutaona kwamba kazi kubwa ilibaki kwa watu.

Kwanza tueleze inafanya nini, bila maneno makubwa. Chukueni daftari ya mauzo. Kila mstari ni mteja: amenunua nini, kiasi gani, siku gani, amelipa namna gani. Sekretere mzuri akisoma kurasa tano anaanza kuona watu wanaofanana: hawa wanakuja mwisho wa mwezi, hawa wanataka maharagi ya njano tu. Mashine inafanya hivyo hivyo, ila inasoma kurasa mia tano kwa dakika moja na haichoki. Inaweka pamoja mistari inayofanana, inasema: kikundi cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kisha programu za kuandika, kama ChatGPT iliyotoka mwisho wa 2022, zinaweza kutunga mesaje tofauti kwa kila kikundi. Basi. Haimjui mtu. Inajua mistari.

Kugawa watu ili kila mmoja apate neno linalomfaa hakukuanzia kwa IA. Kule Kenya, mwaka 2018, viwavi vya mahindi vilipokuwa vinakula mashamba, wizara ya kilimo pamoja na shirika la PxD walianzisha huduma ya SMS iliyoitwa MoA-INFO. Mkulima anaandika, anaulizwa maswali machache, anajibu, kisha anapata mashauri ya namna ya kukagua shamba lake na kupigana na kiwavi. Ilipita kwenye telefone ndogo ya kubonyeza, si lazima intaneti. Kilichotupendeza pale ni kwamba mkulima mwenyewe anaulizwa. Yule mama wa kabichi angeulizwa swali moja tu, «Nani analima?», leo mesaje ingekuwa kwake.

Na karibu na sisi zaidi, wauza kahawa wamejua jambo hili zamani. SOPACDI, koperative ya kahawa ya Minova kule Kalehe iliyoanza 2003, inauza kahawa mpaka Ulaya na Marekani. Anayeonja kahawa kwa kazi yake anataka kusikia juu ya kuosha, kukausha na urefu wa milima yetu. Lakini kuko wanunuzi wengine. Tangu 2011 kampani ya Marekani Equal Exchange inauza kahawa ya Kongo kwa mradi unaosaidia hospitali ya Panzi, ya Daktari Mukwege hapa Bukavu. Kwa mnunuzi huyo neno la kwanza ni Panzi, na ladha inafuata. Punje ni zile zile, na hakuna aliyedanganywa. Kila mmoja ameambiwa kwanza kile anachokijali.

Sasa turudi Katana, kwenye ordinatere ya zamani ya koperative, ile inayowaka wakati panneau ya jua imekubali.

Sekretere alikuwa na fakture za mwaka mzima ndani ya katoni. Siku ya kwanza yote ilikuwa ya kuandika: tarehe, kitu, kipimo, malipo. Hapo tayari shida. Fakture moja imeandikwa kilo, ingine murongo, ingine «mfuko», na mifuko hailingani. Ilibidi mama muweka-depo aje akae pembeni yetu, akumbuke mfuko wa nani ulikuwa mkubwa na wa nani mdogo. Alikumbuka karibu yote. (Tulimuuliza namna gani. Alisema: «Nani aliwabebea?»)

Siku ya pili tuliipa mashine orodha, wateja zaidi ya makumi sita, tukaiomba iwagawe. Ilitoa vikundi vinne. Cha kwanza, wenye restora na mashule: wanachukua mingi, wanalipa wakichelewa. Cha pili, wafanya biashara wanaovuka Ruzizi kwenda Kamembe: wanachukua wakati bei ya huku imeshuka. Cha tatu kilitushangaza kwa uzuri. Kilikuwa vituo vya afya na familia chache wanaochukua maharagi yenye chuma nyingi tu, zile mbegu ambazo INERA Mulungu imekuwa ikifanyia kazi miaka mingi, hapa jirani. Komite haikuwa imeona kwamba wateja hao wanarudi kila mara. Walikuwa wametawanyika katika fakture, hakuna aliyewahi kuwaweka pamoja. Prezida alisoma majina mara mbili, akasema: «Hawa hatujawahi hata kuwaandikia.»

Kikundi cha nne mashine ilikiita wateja wadogo wa mara moja moja. Iliandika pembeni kwamba hakuna faida kupoteza unite kwa kuwatumia mesaje.

Mama muweka-depo aliomba tusome majina ya kikundi cha nne. Tulisoma. Alikuwa akihesabu kwa vidole. Tulipofika kumi alisema: «Simamisheni. Hawa ni wale wa Kadutu.»

Alitueleza, na sisi tulibaki na haya. Wamama kumi wa soko ya Kadutu wako na likirimba. Kila juma wanachangisha, mmoja anapokea. Juma hilo yeye ndiye anakuja Katana na gari moja, anachukua maharagi ya wote, fakture inaandikwa kwa jina lake. Juma linalofuata anakuja mwingine. Kwa mashine, kila mama amenunua mara chache kwa mwaka, kisha akapotea. Kwa kweli ni mteja mmoja, anakuja kila juma, mvua au jua, na analipa pesa mkononi. Tulipojumlisha mistari yao, walikuwa mbele ya restora zote.

Fikirini kama komite ingefuata mashauri ya mashine bila kuuliza. Ingewaacha wateja wake wakubwa wasijue bei mpya, na wao wangeenda Mudaka, ambako wauza maharagi hawakosi. Hakuna kosa la hesabu pale. Mashine ilihesabu vizuri kitu ambacho hakikuwa kimeandikwa. Likirimba haina nafasi kwenye fakture.

Kwa hiyo siku ya tatu tuliongeza nafasi moja katika orodha: «Anakuja pamoja na nani?» Sekretere na mama muweka-depo walijaza kwa akili yao wenyewe. Tukaiomba mashine igawe tena. Safari hii wamama wa Kadutu walitoka kama kikundi chao, juu kabisa. Kuko na jozi ingine ya wateja, wa Birava, ambao tuligundua kwa njia hiyo kwamba wanashiriki gari. Hiyo hata mama muweka-depo hakuwa anaijua.

Juu ya mesaje zenyewe hatutachelewa. Tuliomba programu iandike kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Kifaransa kwa ajili ya restora kilikuwa kizuri, tulibadilisha kidogo tu. Kiswahili kilikuwa cha Dar es Salaam: «Mpendwa mteja wetu, tunayo furaha kukujulisha...» Tulimsomea mmoja wa wamama wa Kadutu kwa telefone. Alinyamaza, akauliza kama ni mambo ya kanisa. Mwishowe sekretere aliandika mwenyewe: «Mama, jambo. Maharagi ya njano iko, mpya, inaiva mbio. Bei ya murongo ni ile ya juma lililopita. Gari siku ya ine?» Kwa mama wa soko, kuiva mbio ndiyo neno la kwanza, sababu mteja wake anawaza makala. Kwa kituo cha afya neno la kwanza lilikuwa chuma kwa mama mwenye mimba. Maharagi ni mbili tofauti, lakini hata ingekuwa moja, maneno hayangelingana. Na kwa mzee asiyesoma, sekretere alirekodi sauti kwa Mashi. Mashi mashine haikuweza kutusaidia kitu.

Sasa kuko jambo ambalo tulizungumza kwa sauti ya chini, na tunataka kulizungumza hapa waziwazi.

Orodha nzuri ya wateja ni kitu cha hatari. Orodha ya wanamemba ni hatari zaidi. Mtu akiwa na karatasi inayosema nani amevuna magunia ngapi, nani amelipwa juma hili, nani ni mjane na anaishi peke yake, hana lazima ya kuwa mfanya biashara ili aitumie. Tangu mwezi wa pili 2025, vita ilipopita kwenye barabara hii hii ya Katana na Kavumu mpaka mjini, hatuna haja ya kumueleza mtu wa huku maana yake.

Na hata pasipo bunduki, mfano uko. Mwaka 2018 ilijulikana kwamba kampani ya Uingereza, Cambridge Analytica, ilipata habari za watu milioni nyingi wa Facebook bila ruhusa yao, ili kuwagawa na kumuambia kila kikundi kile kitakachomgusa. Mwezi wa tatu mwaka huo televisheni ya Uingereza Channel 4 ilionyesha wakubwa wa kampani hiyo, waliorekodiwa kwa siri, wakijisifu kwa kazi waliyofanya katika uchaguzi wa Kenya wa 2013 na wa 2017. Kampani ilifungwa mwezi wa tano. Kazi ni ile ile tuliyofanya na maharagi: kugawa watu, kuchagua neno. Pale ilitumika kwa kura.

Kongo nayo iko na sheria. Kodi ya numeriki ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 inalinda habari za mtu binafsi, na ruhusa ya mwenyewe ni moja ya misingi yake. Si wengi wanaijua huku, lakini iko.

Komite ya koperative ilikaa nusu siku juu ya jambo hili moja, kuliko mambo mengine yote. Waliamua orodha ya mashine ni ya wanunuzi tu, si ya wanamemba. Mavuno ya mtu hayaingii. Nyumba ya mtu haiingii. Kabla ya kuipeleka kwenye programu ya intaneti, jina na namba ya telefone vinatolewa, kinabaki kinumero: mteja 1, mteja 2. Daftari inayosema mteja 14 ni nani inabaki kwa karatasi, mahali wanapojua watu wawili. Na kila mnunuzi anaulizwa kwanza kama anataka mesaje. Kijana mmoja wa komite aliona hiyo inachelewesha kazi. Ni kweli inachelewesha. Sisi tulikuwa upande wa wazee.

Mukitaka kujaribu kwenu, tunasema wazi: koperative yenye wateja ishirini au makumi tatu haihitaji mashine. Kaeni na muweka-depo wenu jioni moja, muwe na karatasi na kalamu, mutapata vikundi vyenu. Wateja wakizidi makumi sita, na fakture ziko na tarehe na kipimo kimoja, hapo inaanza kusaidia. Na kabla ya yote angalieni namba ya telefone mulizoandika ni ya nani: ya mwenye kununua, au ya mwenye kulipa.

Sekretere alipopita kuomba ruhusa, wateja wengi walikubali. Mama mmoja wa Kadutu alikataa, alisema hataki jina lake kwenye mashine ya mtu. Walimtoa. Siku ya tatu ya kila juma, saa ya jioni, anapiga telefone mwenyewe kuuliza bei, kisha anawaambia wale tisa.