Je, Wajua? Filta ya Oili Ikipasuliwa Husema

Mchele wa Kamsamba ukifika jikoni, haupandi motoni moja kwa moja. Kwanza humwagwa kwenye ungo, ukapepetwa na kuchaguliwa. Mama aliyezoea kazi hiyo hautazami mchele peke yake. Hutazama na kile anachokitupa. Akikuta mawe mengi, anajua mpunga ulipurwa juu ya udongo bila turubai. Akikuta chenga nyingi, anajua ulianikwa juani ukapitiliza, au mashine iliukoboa vibaya. Makapi ndiyo yanayomsimulia safari ya mchele kabla haujafika mikononi mwake.

Injini ya gari nayo ina ungo wake: lile kopo la bati, mara nyingi jeusi, jeupe au la rangi ya chungwa, lililokazwa ubavuni mwa injini. Ni filta ya oili. Kuanzia gereji za Tunduma, malori yanakosubiri kuvuka kwenda Nakonde, hadi chini ya mti kule Ndalambo, oili ikimwagwa kopo hufunguliwa, likatupwa kwenye pipa la taka, jipya likafungwa. Makapi yametupwa bila kutazamwa.

Je, wajua kwamba kopo hilo ukilipasua unaweza kuusoma humo mwenendo wa injini tangu oili ilipobadilishwa mara ya mwisho?

Ndani ya kopo

Magari ya mwanzo hayakuwa na filta ya namna hii. Mengi yalitegemea wavu wa waya tu, na oili ilichakaa upesi. Mwaka 1923 Mmarekani Ernest Sweetland alibuni chujio la oili ya gari lililoitwa Purolator, jina lililofupishwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya "oili safi baadaye". Kopo la kukaza kwa mkono tunalolijua leo lilienea kuanzia katikati ya miaka ya 1950.

Ligeuze uone kitako chake. Kuna tundu kubwa katikati lenye nyuzi za kukazia, na vitundu vidogo vimelizunguka. Oili chafu huingia kwa vitundu vidogo, hupenya kwenye karatasi iliyokunjwakunjwa kama marinda, kisha hurudi kwenye injini kwa tundu la kati. Kule kukunjwa kuna sababu: karatasi ndefu huenea ndani ya kopo dogo. Kwenye filta nyingi kuna pia kiwambo cha mpira kinachozuia oili isirudi chini gari likizimwa, ili asubuhi injini isizunguke ikiwa kavu.

Halafu kuna springi yenye vali ndogo, na hapa ndipo penye ajabu. Karatasi ikiziba, au oili ikiwa nzito kwa baridi, kama asubuhi za Juni na Julai katika nyanda za juu za Tunduma, vali hufunguka na kuipitisha oili bila kuchujwa. Waliobuni waliamua kwamba heri oili chafu kuliko kukosa oili kabisa. Kwa hiyo mwenye gari anayesema "filta bado ipo, nitabadilisha mwezi ujao" huenda anatembea na ungo uliotoboka.

Namna ya kulipasua

Mafundi wa ndege hupasua filta kama sehemu ya kawaida ya matengenezo, kwa sababu injini ikifia angani hakuna pembeni pa kuegesha. Hutumia kikata chenye gurudumu kali kinachozungushwa kwenye bati, mfano wa kifungulia makopo. Hakitoi unga wa chuma. Msumeno hautoi jibu la kuaminika: vumbi lake huingia ndani, nawe utadhani injini imesagika kumbe ni msumeno wako. Mashine ya kukatia chuma ni mbaya zaidi, maana hurusha cheche mahali penye oili.

Asiye na kikata hicho anaweza kutumia mkasi wa bati. Acha kopo lichuruzike usiku kucha. Toboa tundu kwa msumari mnene, ingiza mkasi, zungusha karibu na kitako. Vaa glavu, kwani kingo za bati hukata kama wembe. Toa karatasi, ikate kwa kisu, ikunjue kama mkeka, kisha ikunje tena ndani ya kitambaa safi na kuibana kwenye jiliwa hadi oili itoke. Ukiikunjua mara ya pili juani, kila kilichonaswa kitaonekana.

Kusoma marinda

Mng'ao mdogo mdogo usikutishe. Kila injini hujisaga kidogo, na injini mpya au iliyofanyiwa ovahoo hutoa zaidi mwanzoni. Cha kuogofya ni vipande unavyoweza kuviokota kwa ukucha.

Chukua sumaku, hata ya spika iliyokufa, uifunge kwa mfuko wa plastiki na kuipitisha juu ya karatasi. Kinachoruka na kung'ang'ania ni chuma: huenda kimetoka kwenye ringi za pistoni, silinda au kemshafti. Kinachong'aa kama fedha lakini hakifuati sumaku kwa kawaida ni alumini, na pistoni nyingi ni za alumini. Ukiona rangi ya shaba, keti chini ufikiri. Beringi nyingi za krankshafti zimepakwa tabaka laini juu ya shaba. Shaba ikionekana, tabaka la juu limeshaliwa, na injini inaelekea kunoki.

Oili iliyogeuka uji wa rangi ya maziwa ina maji ndani yake. Anza kwa kuangalia gasketi ya silinda hedi. Vipande laini kama mpira, vyekundu, vyeusi au vya kijivu, mara nyingi ni gundi ya gasketi ambayo fundi aliipaka kwa ukarimu kupita kiasi. Weusi wa masizi kwenye injini ya dizeli ni jambo la kawaida.

Na vumbi je? Ukitoka kwenye lami ya Tunduma kwenda Sumbawanga na kushika njia za vijijini wilayani Momba wakati wa kiangazi, gari la mbele hulioni kwa vumbi. Mchanga ni mgumu kuliko vyuma vingi vya injini. Filta ya hewa ikichanika, au mpira wake ukilegea, vumbi huingia kwenye silinda, hukwangua kuta na ringi, na unga wake huteremka kwenye oili. Kwa hiyo chuma kingi kwenye filta ya oili yaweza kuwa mashtaka dhidi ya filta nyingine kabisa, ile ya hewa.

Ungo huu hata hivyo una mipaka. Unywele wa mtu una unene wa takriban mikroni 70, yaani sehemu 70 za elfu za milimita. Utando wa oili ndani ya beringi ni mwembamba mara nyingi kuliko unywele huo, na chembe ndogo hupenya karatasi bila kunaswa. Ndiyo maana mashirika ya reli ya Marekani yalianza katika miaka ya 1940 kupeleka oili ya vichwa vya treni maabara, kusaka metali zisizoonekana kwa macho.

Hatima ya makapi

Oili chafu wengi huipaka kwenye nguzo za nyumba na uzio ili mchwa wasile. Mchwa hukimbia kweli, lakini mvua ikinyesha sumu hiyo huteremka kwenye udongo na visima. Shirika la mazingira la serikali ya Marekani husema oili ya kumwagwa mara moja tu kwenye gari yaweza kuharibu maji matamu karibu lita milioni 4. Ihifadhi kwenye dumu lenye kifuniko hadi apatikane mnunuzi anayeikusanya.

Kipande cha karatasi usikitupe. Kikaushe, kitie kwenye bahasha, andika tarehe na kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi. Safari ijayo ya kumwaga oili utaweka cha pili kando ya cha kwanza, na hapo ndipo utajua kama mng'ao ule ulikuwa uzee wa kawaida au ugonjwa unaokua. Na siku utakapoliuza gari, mnunuzi akianza kutega sikio kwenye injini na kuuliza "haina shida?", mpe bahasha zako achague mchele mwenyewe.